Daftari la wafu ni wajibu wa dola

Alfajiri ya Februari 18, 1957, Dedan Kimathi Waciuri alinyongwa katika Gereza la Kamiti, nje kidogo ya Nairobi, akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa ndani ya eneo la gereza na jamaa zake hawakuambiwa ni wapi. Tangu siku hiyo Kenya imepata uhuru, imeongozwa na marais watano, imeandika katiba mpya, na imempa Kimathi barabara, sanamu na chuo kikuu. Kaburi haijampa. Shauri la tahariri hii ni hilo, nasi tunalileta mbele ya watu wanaolipwa mshahara walishughulikie.

Hatuandiki ili kumtukuza. Sifa anazipata za kutosha kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, zikisomwa na viongozi ambao kesho yake, Oktoba 21, tarehe aliyokamatwa, huwa wamekwisha kurejea kwenye shughuli zao. Tunaandika kuhusu wajibu, na wajibu hupimwa kwa kazi. Kwa hiyo tunaanza na upande wa kamanda huyu ambao waimba sifa huupita mbio: alikuwa karani.

Alizaliwa Oktoba 31, 1920, Thegenge, Tetu, wilayani Nyeri. Karo ya shule aliitafuta kwa kuokota mbegu za miti na kuziuza kwa idara ya misitu. Alisoma Tumutumu kwa kukatizwa, akaingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kutoka upesi, akafanya vibarua vya mashambani, ukarani na ualimu. Mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou. Gavana Evelyn Baring akatangaza Hali ya Hatari mwezi Oktoba mwaka huo, na haikuchukua muda Kimathi akawa ndani ya msitu wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare. Hayo yanafundishwa shuleni. Yasiyosemwa sana ni alichokifanya huko ndani kwa kalamu.

Agosti 1953, mahali paitwapo Mwathe, viongozi wa wapiganaji wa Mau Mau walikutana msituni chini ya uongozi wake. Walitoka katika makundi yaliyoingia porini kila moja kwa njia yake, mengi yakiwa hayana habari za mengine. Pale yalipewa majina na mipaka: jeshi la Ituma Ndemi la Nyeri chini ya Stanley Mathenge, Gikuyu Iregi la Murang'a, Kenya Inooro la Kiambu, Mei Mathathi la Mlima Kenya chini ya Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, na mengineyo. Mkutano ule ulizaa pia utaratibu wa maandishi. Kambi ziwe na makarani. Iandikwe nani ameingia, nani amekufa na wapi, silaha zipi zipo, fedha na mifugo gani imepokelewa, vita gani vimepiganwa. Karari Njama, mwalimu aliyefuata wapiganaji msituni, akawa katibu mkuu wa Kimathi, na kumbukumbu alizoziweka ndizo msingi wa kitabu alichokitoa pamoja na Donald Barnett mwaka 1966. Mapema mwaka 1954 likaundwa Bunge la Kenya la msituni, nalo likawa na mihutasari ya vikao.

Msomaji aipige picha hali yenyewe. Ni msitu wa mianzi, juu ya futi 8,000, mvua na baridi ya kukausha vidole. Ndege za Uingereza zinadondosha mabomu. Ukingoni mwa msitu umechimbwa mtaro mrefu uliojaa miti iliyochongwa ncha, mtaro ambao wanakijiji, wanawake wakiwamo, walilazimishwa kuuchimba ili chakula kisipite. Katika hali hiyo mtu anakaa chini ya turubai, anafungua daftari la mazoezi, na kuandika jina la kijana aliyekufa juzi, jina la babake na la kijiji chake. Karatasi zilipandishwa msituni kwa siri sawa na dawa. Si kila kambi ilitii agizo, na madaftari mengi yalioza au yaliungua. Lakini amri ilitolewa, ikafuatwa na wengi kadiri walivyoweza, na ilitolewa na mtu ambaye hakuwa hata na paa.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama, na hatutaificha. Gharama ya kwanza ni kwamba maandishi hukamatwa. Kila kambi iliyovamiwa ilimpatia afisa wa ujasusi furushi la karatasi zenye majina, vyeo na njia. Mtu anayeendesha vita vya kujificha huku akiweka orodha anamwekea adui wake akiba. Gharama ya pili ilikuwa ndani kwa ndani. Wapiganaji wengi hawakujua kusoma. Mathenge, kamanda mwenye heshima kubwa na aliyetangulia kuwaongoza watu wa Nyeri, alikuwa miongoni mwao. Kadiri kalamu ilivyozidi kuwa cheo, ndivyo wasioijua walivyojiona wamegeuzwa wapagazi wa wenye elimu. Mwaka 1955 ufa huo ukapasuka wazi: upande mmoja Bunge la Kimathi, upande wa pili Kenya Riigi ya Mathenge na wenzake, waliowashutumu wasomi kwa majivuno. Kimathi akaamuru viongozi wa Riigi wakamatwe. Wakatoroka. Umoja wa Mwathe haukurudi tena.

Na majivuno yalikuwapo kweli. Mtu huyu alipenda vyeo kupita kiasi. Alijiita Fild Masho, kisha Waziri Mkuu, kisha akajiongezea Sir na cheo cha naiti wa milki ya Kiafrika, akaviweka vyote chini ya barua zake kwa mpangilio. Wapo wanaocheka. Sisi tunaona katika hilo kitu kilekile kilichomfanya aweke rejista: aliamini kwamba dola ni karatasi zenye sahihi, na kwamba asiye na karatasi atahesabiwa jambazi. Waingereza walimhesabu jambazi hata hivyo.

Yapo mazito zaidi ya majivuno. Mahakama zake za msituni zilihukumu watu kufa, na baadhi ya waliouawa walikuwa wapiganaji wenzake, wengine kwa shaka tu. Wenziwe walioandika habari zao hawakulificha hilo. Kadiri vita vilivyobana, alizidi kuona wasaliti kila upande, na upande mwingine walikuwapo kweli, maana afisa wa polisi Ian Henderson alikuwa akiwarudisha msituni wapiganaji waliojisalimisha, wakiwa na mavazi yaleyale na nywele zilezile, kuwasaka wenzao. Anayetaka jina la Kimathi liandikwe kwenye jiwe akubali na hao waliokufa kwa amri yake waandikwe. Deni la kumbukumbu halibagui maiti.

Tunalisema hilo kwa sababu Kenya inajua matokeo ya kuhesabu maiti kwa kubagua. Usiku wa Machi 26, 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau walizichoma nyumba za familia zilizounga mkono serikali, na watu wasiopungua 70 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ya kikoloni iliwahesabu, ikawapiga picha, ikazisambaza picha hizo duniani. Ilifanya sawa kuwahesabu. Lakini katika usiku uleule na siku zilizofuata, askari na walinzi wa vijiji walilipiza kisasi katika eneo hilohilo na kuua watu wengi, na hao hawakupigwa picha, hawakutafutiwa majina. Karani wa serikali alikuwapo, wino ulikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuamuru waandikwe.

Kimathi alikamatwa alfajiri ya Oktoba 21, 1956, ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri, baada ya kupigwa risasi na Ndirangu Mau, askari wa polisi wa kikabila. Alikuwa na njaa, peke yake, amevaa koti la ngozi ya chui. Picha yake akiwa amelala chini na pingu mikononi ilienezwa kila mahali pamoja na maelfu ya vikaratasi vilivyodondoshwa kutoka angani. Mwezi uliofuata alisimamishwa mjini Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza. Hakushtakiwa kwa kuua mtu. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, makosa ambayo chini ya kanuni za Hali ya Hatari adhabu yake ilikuwa kifo. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Jaji hakumwamini. Rufaa ilitupwa Nairobi, na London ikakataa kuisikiliza. Tangu kukamatwa hadi kitanzi haikufika miezi minne.

Usiku wa mwisho alimwandikia barua padri wa misheni ya Nyeri. Humo hamna hotuba. Mna mambo ya nyumbani: mama yake atunzwe, mwanawe asomeshwe, mkewe Mukami, ambaye naye alikuwa kizuizini, akumbukwe. Barua ile ilihifadhiwa, inasomeka hadi leo. Padri mmoja alitimiza wajibu wa kutunza karatasi moja.

Sasa tuangalie wenye wajibu wa kutunza zilizobaki.

Serikali ya Uingereza iliwanyonga watu 1,090 nchini Kenya kwa makosa yanayohusu Mau Mau, idadi aliyoifikia mwanahistoria David Anderson kwa kupekua mafaili ya kesi moja baada ya nyingine. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua, ila kwa silaha, kwa risasi, kwa kiapo cha Mau Mau, kwa kuonekana na watu fulani. Dola inayomnyonga mtu huwa na karatasi zake: hati ya hukumu, idhini ya gavana, cheti cha daktari, maandishi ya mkuu wa gereza. Hakuna anayeuawa kisheria bila karani. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mambo haya hayakuandikwa.

Yaliandikwa, kisha yakafanyiwa jambo jingine. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali zinazoingia madarakani zisirithi nyaraka zozote zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Mafaili yakapangwa mafungu mawili, ya kurithiwa na ya kufichwa, na yale ya kufichwa yaliruhusiwa kushikwa na maafisa wa asili ya Ulaya tu. Maelekezo ya uteketezaji yalishuka hadi kwenye jivu: karatasi zikichomwa, majivu yavunjwevunjwe. Zikizamishwa baharini, ziwe kwenye makasha yaliyofungwa mizigo mizito, mbali na pwani, kwenye kina kisicho na mkondo. Tunaomba msomaji aisome tena sentensi hiyo. Huo ni uangalifu. Ni bidii ya kazi. Mtumishi aliyekaa ofisini akafikiria mikondo ya maji alikuwa na uwezo kamili wa kufikiria pia kwamba kuna mama kijijini Tetu atakayetaka kujua mwanawe amelazwa wapi.

Yasiyoteketezwa yalisafirishwa kwenda Uingereza na kuwekwa kimya katika ghala la serikali huko Hanslope Park kwa karibu miaka 50. Yalitoka mwaka 2011 kwa sababu wazee wanne wa Kenya walikuwa wameishtaki serikali hiyo mahakamani London kwa mateso katika kambi za kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, na mawakili na wanahistoria wakabana mpaka ikakiri kwamba mafaili yapo. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama bungeni, akaeleza masikitiko, na serikali yake ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Oktoba 31, 2023, siku ambayo Kimathi angetimiza miaka 103, Mfalme Charles alisema jijini Nairobi kwamba maovu yale hayana udhuru. Msamaha hakuomba. Sisi hatudai machozi ya mfalme. Tunadai rejista ya maziko ya Kamiti ya miaka ya 1952 hadi 1960, au hati inayoonyesha imeteketezwa lini na kwa amri ya nani. Moja kati ya hizo mbili lazima iwepo, na anayeishika anajijua.

Ila kidole kikielekea London pekee, tahariri hii itakuwa ya uongo. Gereza la Kamiti limekuwa mikononi mwa Wakenya tangu Desemba 1963.

Serikali huru ilianza kwa kuamua kusahau. Jomo Kenyatta alikwisha kutangaza mwaka 1962 kwamba Mau Mau ulikuwa ugonjwa uliotokomezwa, usikumbukwe tena. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka 1950, haikuondolewa hadi 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, waliopigania ardhi na uhuru walikuwa kisheria wanachama wa kundi haramu, huku wakiitwa jukwaani kila Oktoba wapigiwe makofi. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akikusanya maandishi ya Mau Mau na karatasi za Kimathi, alifungwa miaka 6 kwa kosa la kumiliki chapisho la uchochezi. Karatasi za kesi ya Kimathi mwenyewe hazikuwa mikononi mwa umma hadi zilipochapishwa kuwa kitabu mwaka 2017, miaka 60 baada ya kunyongwa kwake.

Nchi isiyotunza orodha hudanganyika kirahisi, na Kenya imedanganyika hadharani. Mwaka 2003 mkulima mmoja mzee wa Ethiopia aliletwa Nairobi kwa ndege, akapokewa kwa heshima za shujaa kama Jenerali Stanley Mathenge aliyepotelea msituni karibu nusu karne nyuma. Hakuwa akizungumza Kikuyu cha mtu aliyezaliwa Nyeri. Vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba hakuwa Mathenge. Mzee wa watu akarudi kwao, na waliomleta wakanyamaza. Oktoba 2019 wakfu wenye jina la Kimathi ulitangaza kwamba kaburi lake limepatikana Kamiti. Habari ikazunguka dunia. Haikupita siku nyingi, serikali ikakanusha. Mjane aliyengoja miongo sita akasikia habari, kisha akasikia kanusho, na hakuna ofisi iliyojitokeza kueleza hatua kwa hatua imetafuta wapi, kwa ramani gani, na imekosa nini.

Mukami Kimathi alifariki Mei 4, 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua. Rais William Ruto alikuwapo, viongozi wa pande zote walikuwapo, hotuba hazikukosekana. Ombi lake la miaka yote lilikuwa moja, mifupa ya mumewe izikwe nyumbani, na kila serikali iliyopita ilimwitikia kwa kichwa. Kwake yeye muda wa kutimiza wajibu umekwisha. Hilo halirekebishiki, na waliokuwa na mamlaka kati ya 1963 na 2023 wajue kwamba limeandikwa.

Zipo sababu tunazopewa, nasi tumezisikia zote. Inasemwa kwamba katika ardhi ya Kamiti wamezikwa watu wengi, mmoja juu ya mwingine. Inawezekana. Afrika Kusini nayo ilizika wafungwa wa kisiasa walionyongwa Pretoria katika makaburi ya maskini, mengine yakiwa na maiti zaidi ya moja, na familia zikakataliwa kuchukua miili. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango rasmi wa kuwafukua wale waliobaki, ikianzia kwenye rejista za gereza na za makaburi, ikamalizia kwa wataalamu wa mifupa na vinasaba, na familia zimekuwa zikikabidhiwa watu wao. Kazi hiyo ina njia inayojulikana. Hata Ujerumani, iliyokwenda na mafuvu ya watu wetu mwanzoni mwa karne iliyopita, imelazimika kufungua makabati: mwaka 2023 taasisi inayoyashika huko Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyotoka Tanzania vimelingana na vya jamaa walio hai. Ukoo wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, bado unamtafuta wake. Huko Songea, ambako Nduna Songea Mbano na wenzake walinyongwa mwaka 1906, kaburi lipo, makumbusho yapo, na kila mwaka watu hukusanyika. Ikiwa Songea inawezekana kuonyesha mahali palipochimbwa mwaka 1906, Kamiti isijifiche nyuma ya 1957.

Inasemwa pia kwamba mambo haya yataamsha uhasama, kwa kuwa wajukuu wa walinzi wa vijiji na wajukuu wa wapiganaji wanakaa kijiji kimoja na kuoana. Hoja hii tunaiheshimu zaidi ya nyingine. Lakini rejista ya maziko haimhukumu mtu. Inasema jina, tarehe, mahali. Kinacholea uhasama ni hadithi zinazojaza nafasi iliyoachwa na rejista: kwamba fulani aliuza kaburi, kwamba mwili ulipelekwa Uingereza, kwamba hakunyongwa kabisa. Hadithi hizo zote tumezisikia zikisimuliwa na watu wazima wenye akili zao.

Na inasemwa, kwa sauti ya chini, kwamba Kimathi ni shujaa wa Wakikuyu na Kenya ina makabila mengi. Anayesema hivyo amechanganya mapenzi na wajibu. Serikali haitakiwi kumpenda mtu ndipo itunze kumbukumbu za kifo chake. Mtu aliyekufa mikononi mwa dola, awe shujaa au mwizi, ni dhamana ya dola mpaka mwili wake ukabidhiwe. Wajibu huo ulikuwa wa Baring, ukarithiwa pamoja na funguo za gereza, na umepita mkono hadi mkono kwa kila Kamishna Mkuu wa Magereza hadi aliyeko leo.

Yeye ndiye tunayemtazama kwanza. Aagize rejista zote za Kamiti za kipindi cha Hali ya Hatari zitolewe stoo, zihesabiwe, na zipelekwe katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, ambayo jengo lake liko mwendo wa dakika chache kutoka ilipo sanamu ya Kimathi iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Februari 18, 2007. Kama hazipo, aseme hazipo, aandike, atie sahihi. Wizara ya Mambo ya Nje iandike London kwa lugha ya kiserikali, ikitaja mafaili kwa namba pale namba zinapojulikana, na ijibiwe kwa maandishi. Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014 imekwisha kuunda baraza lenye kazi ya kuwatambua na kuwaenzi. Baraza hilo liache kwanza kutafuta mashujaa wapya, litafute huyu ambaye kila mtu anajua amezikwa katika ua upi. Wabunge wanaopiga magoti kwenye mazishi waulize maswali haya bungeni, ambako majibu huchapwa.

Eneo la maziko lipimwe na wapimaji wa ardhi kabla ya jengo jingine kusimama hapo. Wafungwa na askari wastaafu waliofanya kazi Kamiti zamani, walio hai, wahojiwe mwaka huu na maelezo yao yarekodiwe, kwa kuwa umri wao hauruhusu kamati ya kuchunguza uundwaji wa kamati. Familia zinazotaka kutoa vinasaba zipewe mahali pa kuvitoa bila malipo na bila kupangwa foleni kwa kufahamiana.

Na itakapochapishwa orodha, isiwe ya mtu mmoja. Iwe ya wote 1,090, aliyeua na asiyeua, aliyekula kiapo kwa hiari na aliyelishwa usiku kwa nguvu, kila mmoja na jina la babake na kijiji chake, ikifuata tarehe za kunyongwa. Kwa mpangilio huo jina la Dedan Kimathi litaangukia mbali huko, kuelekea mwisho, na msomaji atalazimika kuwapitia wengine wote kabla ya kulifikia.